Namna ya kufuatilia mabadiliko ya uendeshaji wa huduma ya umma

Usianze na chati ya muundo. Chati huchorwa upya kila anapoingia bosi mpya, na mara nyingi kilichobadilika ni vibao vya milangoni tu. Chagua huduma moja, tena ndogo: cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva. Ukibeba "afya" nzima utazama.

Chora jedwali. Kila mwaka ambao sheria ilibadilika upe safu yake. Pengo likizidi miaka 10, ongeza safu katikati. Mistari minne inatosha: nani anaajiri, nani anaidhinisha malipo, nani anahojiwa bungeni mambo yakiharibika, nani anatunza rejesta. Mitatu ya mwanzo utaijaza kwa sheria yenyewe, kanuni za fedha na kumbukumbu za bunge. Wa nne, nenda masijala ukaulize.

Andika mwaka jambo lilipoanza kutendeka, si lilipopendekezwa. Uingereza, ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854 ilitaka watumishi waajiriwe kwa mtihani badala ya kujuana. Tume ya kusimamia ajira iliundwa 1855, lakini ushindani wa wazi ukawa kanuni mwaka 1870. Anayeishia kwenye ripoti amekosea kwa miaka 16.

Kisha tazama mistari ipi imehama na ipi imegoma. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1988 Uingereza ilianza kuhamishia kazi za utekelezaji kwenye wakala, yaani taasisi za serikali zinazojiendesha chini ya wizara: uendeshaji wa kila siku ukaenda kwa mtendaji mkuu, ila wa kujibu bungeni akabaki waziri. Mwaka huohuo New Zealand ilikwenda mbali zaidi: sheria iliwafanya wakuu wa idara kuwa watendaji wa mkataba, na wao wenyewe wakawa waajiri wa watumishi wao.

Mtego mkubwa ni ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Watumishi wakipungua ghafla, usiandike "ufanisi umeongezeka" kabla ya kufungua kitabu cha bajeti. Weka fungu la mishahara kando ya matumizi mengineyo, mwaka kwa mwaka. La kwanza likishuka na la pili likapanda, huenda walinzi na wafagizi wamehamia kwa mkandarasi, na kazi ni ileile. Yakishuka yote mawili na huduma bado inatolewa, itafute kwenye fungu la wizara nyingine au la serikali za mitaa.