Gari la Lisi Marekani: Haibridi Itakuokolea Petroli, Lakini Maili Zitakufuata

Siku niliyorudisha gari, kijana wa ukaguzi alipiga goti kwenye lami akachomeka kipimo kidogo katikati ya meno ya tairi la mbele. Mkononi alikuwa na kadi ya plastiki, ukubwa wa kitambulisho, akiiweka juu ya kila mkwaruzo kuona kama umeizidi. Mikwaruzo yangu haikuizidi, nikashusha pumzi. Kisha akaingia ndani, akawasha gari, akapiga picha ya dashibodi: maili 47,312. Hakusema neno. Akanipa karatasi niweke sahihi, akaniaga vizuri.

Barua ilifika wiki mbili baadaye. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi 36 na uliniruhusu maili 10,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa jumla. Nilikuwa nimezidisha maili 17,312, na kila maili iliyozidi ilikuwa senti 25. Hizo peke yake ni dola 4,328. Ongeza dola 395 za kurudisha gari, ada ambayo sikuikumbuka kabisa, na tairi mbili zilizokwisha meno, dola 360. Jumla dola 5,083. Kwa hela za kwetu ni zaidi ya shilingi 650,000 za Kenya, na gari lenyewe nimeshaliacha kwenye yadi, narudi nyumbani kwa lifti ya mwenzangu wa kazini.

Nawaandikia ninyi mnaotoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Kisii, mnaofika Minnesota au jimbo jingine lenye baridi na umbali, na ambao ndani ya miezi mitatu mtahitaji gari. Huku hakuna matatu ya kukuchukua Kondele saa kumi na moja alfajiri. Kuna basi, lakini basi halifiki kwenye nyumba ya wazee ambako zamu yako inaanza saa kumi na mbili na nusu. Usipokuwa na gari unakuwa mfungwa wa mtu mwenye gari. Kwa hiyo najua mtaingia yadi mkiwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo wanayoisubiri.

Lisi ni nini? Aliyekulia Njoro au Molo ameshaielewa. Unakodi shamba kwa ekari, unapanda viazi, msimu ukiisha unamwachia mwenye shamba. Hupandi mikaratusi kwenye shamba la kukodi. Gari la lisi ni hivyo hivyo: unalipia ile thamani linayoipoteza mikononi mwako, pamoja na riba, kisha unalirudisha. Logibuku, ile hati ya umiliki, haiwi yako hata siku moja. Ndiyo maana malipo ya mwezi ni madogo kuliko ya mkopo wa kununua gari lile lile, na ndiyo maana mtu anavutika.

Kuhusu petroli au haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, sitakuweka sana. Wengi mnaijua Aqua, haibridi ndogo ya Toyota, kutoka barabara za nyumbani. Huku Corolla ya petroli inakwenda kama maili 35 kwa galoni, karibu kilomita 15 kwa lita. Corolla ya haibridi inafika maili 50, kilomita 21 kwa lita. Prius mpya inapita hapo. Haibridi inajilipa zaidi mjini, penye taa na foleni, kwa sababu kila ukikanyaga breki inarudisha umeme kwenye betri. Kwenye barabara kuu ambako unakwenda mwendo mmoja saa nzima, tofauti inapungua. Na wakati wa baridi kali, kwa safari fupi fupi, haibridi inaweza kupoteza karibu theluthi ya ubora wake, maana injini inalazimika kunguruma ili ipate joto. Januari ya kwanza nilidhani gari langu limeharibika. Halikuwa limeharibika, ni Januari.

Sasa nisikilizeni kwenye jambo lenyewe.

Mimi nilichagua haibridi kwa sababu ya mafuta. Nilifanya hesabu ya mafuta vizuri, kwenye daftari, kama mtu aliyewahi kuuza mitumba sokoni na anajua senti zinakopotelea. Hesabu ya maili sikuifanya. Muuzaji aliniuliza, "Unaendesha kiasi gani kwa mwaka?" Nikawaza Lanet hadi mjini Nakuru, nikawaza mtu anayetoka Free Area kwenda kazini na kurudi, nikaona maili 10,000, ambazo ni kilomita 16,000, ni nyingi mno. Nani atazimaliza? Akatabasamu, akaandika 10,000, na malipo ya mwezi yakashuka. Nikafurahi.

Hakuniambia uwongo. Narudia, hakuniambia uwongo hata mmoja. Aliniuliza swali, nikajibu bila kujua, akaandika jibu langu.

Maisha yangu halisi yalikuwa haya. Kazi ya kwanza ilikuwa maili tisa kutoka ninapoishi Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, siku tano kwa wiki: kwa mwaka ni maili 4,500 hivi. Kanisa, soko, kumpeleka mtoto kliniki: karibu 2,700. Halafu nikapata zamu ya wikendi Rochester, mji mwingine wa hapa Minnesota, yenye malipo mazuri, maili 95 kwenda na 95 kurudi. Kwenda tu ni kama kutoka Nakuru hadi Nairobi, na mtu anaichukulia kama kuvuka mtaa kwa sababu barabara ni nzuri na hakuna mahali pa ajali kama Salgaa. Wiki 45 za namna hiyo ni maili 8,550. Jumlisha: 15,750 kwa mwaka. Nilikuwa nimevuka mpaka kabla hata mwaka wa pili haujaisha, na sikujua, kwa sababu kila nilipotia mafuta nilifurahia jinsi yalivyokuwa machache.

Hapo ndipo mtego ulipo, na nitausema tena na tena hadi mnichoke. Gari linalokula kidogo linakufanya uendeshe sana. Unakubali zamu za mbali kwa sababu mafuta hayaumi. Lakini mwenye gari hakuhesabii mafuta, anakuhesabia maili. Katika miaka ile mitatu haibridi iliniokolea galoni kama 400 ukilinganisha na Corolla ya petroli. Kwa bei ya dola 3.20 kwa galoni hiyo ni karibu dola 1,300. Nikaokoa 1,300 kwenye pampu, nikalipa 4,328 kwenye maili.

Kama ningesema 15,000 siku ile, malipo ya mwezi yangepanda kwa dola 25 hivi, yaani 900 kwa miezi 36. Ningezidisha maili 2,312 tu, dola 578. Jumla 1,478. Maili za kununua mwanzoni zina bei ya chini kuliko zile za kutozwa mwishoni. Ukitoka na kitu kimoja tu kwenye maneno yangu haya, toka na hicho. Kabla hujaingia yadi, fungua ramani kwenye simu, andika kila mahali unakokwenda, zidisha kwa wiki, kisha ongeza zamu ambayo hujaipata bado. Maana utaipata. Hakuna mtu wetu aliyewahi kufika huku akabaki na kazi moja.

Pia uliza kama mkataba unakataza kubeba abiria au kupeleka chakula kwa malipo. Mingi inakataza.

Mengine ni ya kawaida. Alama zako za mkopo ni kama CRB yetu, inayoweka rekodi za ulivyolipa madeni: zikiwa chini riba inapanda. Riba ya lisi wanaiandika kama namba ndogo ya ajabu, kwa mfano 0.00250, izidishe kwa 2,400 utapata asilimia, hapa ni 6. Bima lazima iwe kubwa, iulizie bei kabla ya kusaini. Na usitoe hela nyingi za mwanzo, maana gari likigongwa likaandikwa limekufa mwezi wa pili, bima inamlipa mwenye gari na zako zimekwenda.

Jambo jingine linalotuangusha ni imani kwamba unaweza kubadili mawazo. Nimesikia watu wengi wakisema, "Marekani una siku tatu za kurudisha." Kanuni hiyo ya siku tatu ipo kwa mauzo fulani, kama ya mtu anayekuja kukuuzia mlangoni. Haihusu gari ulilosaini ndani ya yadi. Ukisaini umesaini. Na ukivunja mkataba katikati, kwa mfano umeitwa msibani Siaya ukakaa miezi miwili, au umeamua kurudi nyumbani kabisa, malipo yanaendelea, na gharama ya kuvunja inaweza kuwa kubwa kuliko kumaliza.

Nimeishi huku miaka sita na kuna jambo moja linanisumbua kwa watu wa huku, ambao kwa mengine ni wema sana. Hawaulizi bei. Sisi ukimwonyesha mtu gari pale Nakuru, swali la kwanza ni "mwisho ngapi?" Wao wanauliza "kwa mwezi ngapi?" Gari, simu, kitanda, hata matairi, yote ni kwa mwezi. Nadhani ndiyo sababu wengi wenye mishahara mizuri hawana akiba. Na muuzaji akigundua wewe ni wa kwa mwezi, atakupa mwezi unaoutaka, kisha atatafuta hela zake mahali pengine: kwenye riba, kwenye muda, kwenye maili. Ng'ang'ania tabia yetu. Uliza bei ya gari kwanza, ipunguzeni kama mnavyopunguza ya kununua, ndipo mzungumze lisi. Watakushangaa kidogo, lakini watajibu.

Na ninyi wa nyumbani, naomba nizungumze nanyi kwa heshima. Nilipotuma picha ya gari kwenye kundi la familia, mjomba wangu wa Lurambi aliandika baraka ndefu, kisha jioni akanipigia: "Ukimaliza nalo, mama, tutumie kwa meli, tutalilipia ushuru." Wengine wakaanza kunipangia mchango mkubwa zaidi wa harusi, kwa kuwa sasa nina gari jipya. Mjomba, lile gari halikuwa langu. Siwezi kuliuza, siwezi kuliweka dhamana, siwezi kulitia kwenye kontena. Na hata lingekuwa langu, usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto, liwe jipya namna gani. Mnalijua hilo, kwa sababu mnaagiza za Japani kila siku na mnahesabu ile miaka minane ambayo gari haliruhusiwi kuizidi. Basi mkiona mtoto wenu kasimama karibu na gari linalong'aa kwenye theluji, muulizeni kwanza kama amelala usingizi wa kutosha.

Kuna mlango wa kutokea ambao mimi niliujua nikiwa nimechelewa. Mkataba una bei ya kununua gari mwishoni, imeandikwa tangu siku ya kwanza. Ukilinunua kwa bei hiyo, kwa kawaida maili ulizozidisha hazitozwi, maana unajirudishia mwenyewe, na ile ada ya kurudisha haipo. Dada mmoja wa kutoka Ahero tuliyefanya naye zamu aliniambia haya siku tatu baada ya barua kufika. Alikuwa amezidisha maili nyingi kuliko mimi, akachukua mkopo kwenye chama cha akiba, akalinunua, na mpaka leo analiendesha. Mimi ningeweza kufanya vivyo hivyo. Gari lilikuwa zima na nilikuwa nalijua.

Kwa hiyo miezi minne kabla ya mwisho, soma mita ya maili, gawanya, uone utafika wapi. Kama umezidi, omba kwa maandishi bei kamili ya kununua, kodi na ada zikiwa ndani, kisha uzunguke kutafuta mkopo mapema. Kama hujazidi na hulitaki, badilisha tairi mwenyewe kwa fundi wa bei nafuu kabla ya ukaguzi, usiwaachie wao wakubadilishie kwa bei yao.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa Milimani, Kisumu, aliyefika Minneapolis juzi tu, alinitumia picha ya mkataba akiwa bado amekaa mbele ya muuzaji. Nilimpigia palepale. Sheria ya hapa inawalazimisha waandike kiasi cha maili na bei ya kila maili inayozidi mahali panapoonekana, pamoja na maelezo ya uchakavu. Nikamwambia, "Tafuta panaposema maili kwa mwaka. Nisomee." Akasoma: 10,000. Nikamuuliza kazi iko wapi. St. Cloud, akasema, na yeye analala mbali nako, Brooklyn Park. Nikamwambia aweke kalamu chini, amwambie yule bwana anarudi kesho, atoke nje tuhesabu.