Mkataba wa nyota chini ya dari ya mishahara: ninavyouandika

Huu ni msimu wangu wa tisa nikiwa mweka hazina wa timu ya mtaa hapa Shella, Malindi. Mchana nashika vitabu vya duka la samaki, usiku nashika daftari la timu. Kamati yetu ilipitisha dari: mishahara ya wachezaji wote 22 kwa msimu mzima wa miezi kumi isizidi shilingi 1,200,000. Ndani ya dari hiyo yumo winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka 20 ambaye timu za Mombasa zimeshaanza kumpigia simu. Nimeandika haya kwa ajili ya mweka hazina mwenzangu mwenye kijana kama huyo na dari kama hii.

Kabla ya kutaja kiwango chochote, chora safu mbili kwenye daftari. Ya kwanza ni pesa inayotoka mkononi. Ya pili ni pesa inayohesabiwa kwenye dari ya msimu. Wengi wetu tunazichanganya, na hapo ndipo timu inapozama. Somo hili nimelichukua kwa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Wao waliweka dari mwaka 1994, dola milioni 34.6 kwa kila timu, na kufikia 2024 ilikuwa milioni 255.4. Kule mchezaji hupewa pesa ya kusaini taslimu, lakini kwenye hesabu ya dari pesa hiyo hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. UEFA nao tangu 2023 wameweka kikomo hichohicho cha miaka mitano kwenye kugawa gharama ya kumnunua mchezaji, baada ya Chelsea kuwapa watu mikataba ya miaka minane na zaidi.

Sasa tuje kwetu. Winga alitaka 19,000 kwa mwezi. Ukizidisha kwa miezi kumi ni 190,000, na asingebaki na chochote cha kumwonyesha mamake siku ya kusaini. Tulimpa mkataba wa misimu mitatu: 15,000 kwa mwezi, yaani 150,000 kwa msimu, pamoja na 120,000 ya kusaini. Hiyo 120,000 ukiigawa kwa mitatu unapata 40,000. Kwa hiyo kila msimu anahesabiwa 190,000 ileile, ila msimu wa kwanza pesa inayotoka ni 270,000. Kijana amefurahi, dari haijaguswa, na kazi iliyobaki ni moja: hiyo 80,000 ya ziada unaitoa wapi, na mwezi gani?

Malindi swali la mwezi gani ni zito kuliko la kiasi gani. Wadhamini wetu ni mwenye mashua za watalii na mwenye hoteli ndogo. Pesa yao huja Desemba mpaka Machi, kaskazi likivuma na wageni wamejaa, halafu Agosti kidogo. Aprili mpaka Juni ni masika, hoteli zinafungwa, bahari inachafuka, simu za wadhamini hazipokelewi. Msimu wangu wa tano nilimlipa mshambuliaji 100,000 ya kusaini kwa mkupuo Desemba, kwa sababu akaunti ilikuwa imejaa na mimi nilifurahi mno. Kufika Mei sikuwa na mshahara wa mtu yeyote. Mshambuliaji mwenyewe alikaa miezi miwili bila senti, akaandika barua, akaondoka. Alikuwa na haki: kanuni za FIFA zinasema klabu ikishindwa kulipa angalau mishahara miwili ya mwezi, na mchezaji akaipa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 15, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Saini iliyokuwa kwenye hundi ni yangu, na kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo pesa ya kusaini naitoa kwa awamu mbili, Januari na Machi, na tarehe zake zimeandikwa ndani ya mkataba. Kabla ya kutoa awamu ya pili, nahakikisha mishahara ya Aprili, Mei na Juni ya timu nzima iko benki. Kama haiko, awamu ya pili inangoja, na mchezaji anajua tangu siku ya kwanza kwamba itangoja.

Kisha uliza swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza siku ya furaha: akiondoka baada ya msimu mmoja? Zile 80,000 ambazo hazijahesabiwa zinaanguka zote kwa pamoja kwenye dari ya msimu unaofuata, na kijana mwenyewe hayupo uwanjani. Mimi naziita hesabu mfu. Kwetu 80,000 ndiyo mshahara wa msimu mzima wa kipa wetu wa kwanza. NFL wameonja kwa ukubwa wao: timu ya Denver walipomwachia mchezaji wao Russell Wilson mwaka 2024 walibaki na dola milioni 85 za hesabu mfu, wakazigawa kwa misimu miwili. Hiyo ni kama theluthi ya dari ya mwaka mmoja, na alikuwa amewachezea misimu miwili tu. Kwa sababu hiyo weka kipengele kwamba akinunuliwa na timu nyingine, ada ya uhamisho ianze kwa kufidia sehemu ya pesa ya kusaini iliyobaki. Sisi tumeandika hivyo kwa namba kamili, msimu kwa msimu, tusije tukabishana uwanjani.

Kuna mbinu ya kupunguza hesabu katikati ya mkataba, na inavutia. Tuseme msimu wa pili unataka nafasi ya beki. Unachukua 90,000 kutoka kwenye mshahara wa winga, unampa taslimu kama bonasi, na unaigawa kwa misimu miwili iliyobaki. Msimu wa pili anahesabiwa 60,000 za mshahara, 45,000 za bonasi mpya na 40,000 za zamani, jumla 145,000. Umepata 45,000. Lakini angalia msimu wa tatu: 150,000, na 45,000, na 40,000, jumla 235,000. Zile 45,000 zimekungoja mlangoni. Ifanye mara moja kwa mkataba, na kwa mchezaji ambaye una hakika utakuwa naye. Kule Marekani huongeza hata miaka hewa mwishoni mwa mkataba, miaka ambayo mchezaji hatacheza, ili wapate pa kugawia. Mimi sifanyi, kwa kuwa kamati hubadilika kila uchaguzi na si haki kumwachia mwenzako bili ya mtu aliyekwisha kwenda zake.

Bonasi za uwanjani nazo zina hesabu yake. Kanuni ya NFL ni nzuri na nimeinakili: alichokifikia mchezaji msimu uliopita unakihesabu tangu mwanzo, kwa kuwa yaelekea atakifikia tena, ambacho hakukifikia hukihesabu sasa, ila akikifikia kinaingia kwenye dari ya mwaka unaofuata. Winga wetu alifunga mabao 11. Bonasi ya mabao 10 ingekuwa sawa na mshahara, basi tuliiacha. Na kwa kweli bonasi ya mabao siipendi kabisa. Tulimlipa mtu kwa bao msimu mmoja, akaacha kutoa pasi. Mwenzake yuko peke yake mbele ya lango, yeye anapiga kutoka kona ya bendera. Winga huyu tunamlipa kwa mechi alizoanza na kwa nafasi ya timu kwenye jedwali.

Mdhamini akisema "nyumba yake nitalipa mimi, msiiandike", iandike. Saracens, klabu ya raga ya Uingereza, walikuwa na mipango ya pembeni ya kibiashara kati ya mwenye klabu na wachezaji, ambayo hawakuiandika kwenye hesabu ya dari ya ligi yao. Msimu wa 2019/20 kwanza walikatwa pointi 35, wakatozwa pauni milioni 5.36, na wakashushwa daraja. Kodi ya chumba Maweni ni pesa ndogo, lakini wenzake wanajua nani analipa.

Urefu wa mkataba hauna maneno mengi: FIFA wanaruhusu hadi miaka mitano, isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu zaidi, na aliye chini ya miaka 18 hadi mitatu.

Lililobaki ni dhamana, yaani pesa ambayo mchezaji atalipwa hata akiumia, na hili nilifundishwa na mamake kijana. Tulikaa barazani kwake baada ya alasiri, mkataba juu ya mkeka. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na asiyeielewa lugha yake aelezwe kwa lugha anayoielewa. Basi nikamsomea mama kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili. Nilipomaliza akatengeneza leso kichwani, akauliza:

"Mwanangu, na akivunjika mguu mwezi wa pili?"

"Mama, mshahara wa msimu huo atalipwa wote."

"Na wa mwaka wa pili?"

Sikuwa na jibu. Hata mkataba wa Patrick Mahomes, nyota wa NFL, wa 2020, miaka kumi, dola milioni 450, siku ya kusaini uliokuwa na dhamana kamili ulikuwa takriban milioni 63 tu. Nusu ya mshahara wa msimu wa pili ni 75,000. Nilifungua daftari palepale, nikaangalia kama dari ya msimu wa pili inaweza kuibeba akiwa na plasta mguuni. Ilibeba, tukibaki na wachezaji 21. Nikaandika kwa kalamu pembeni ya kifungu: akiumia akiwa kazini, nusu ya mshahara wa msimu wa pili analipwa. Mwenyekiti akatia saini, kijana akatia saini, mimi nikatia.

Nakala ziko tatu. Moja faili la timu, moja kwa kijana, na ya tatu mama aliikunja ndani ya mfuko wa nailoni akaiweka sandukuni pamoja na hati ya kiwanja.