Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchonga na Kupima Ncha za Silikoni za Kutolea Elektroni

Ncha ya silikoni inayotoa elektroni kwa nguvu ya uga wa umeme huweza kuharibika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na ikishaharibika haitengenezeki tena. Karibu kila kosa linaloiua ncha hiyo huwa limekwisha kufanywa kabla swichi haijawashwa, ama wakati wa kuchagua kisahani cha silikoni, ama wakati wa kuosha, kusafirisha au kuunga waya. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya vijana wa Unguja na Pemba, hasa wanaosoma fizikia na elektroniki katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, ambao huenda siku moja wakapata nafasi ya kuchonga ncha hizi katika chumba safi, yaani maabara iliyochujwa vumbi, nje ya visiwa vyetu na wakarudi nazo nyumbani kuzipima.

Kwanza jambo lenyewe lieleweke. Katika redio za zamani za taa, chuma kilipashwa moto mpaka elektroni zikapata nishati ya kuuruka ukuta unaozizuia zisitoke. Kwenye ncha baridi hapana moto wowote. Uga mkali wa umeme huufanya ukuta ule uwe mwembamba hadi elektroni zikaweza kuupenya bila ya kuuruka, jambo ambalo Fowler na Nordheim walilieleza kwa hesabu za kwanta mwaka 1928. Uga unaohitajika ni wa takriban volti 3 hadi 5 kwa kila nanomita, na ili kuupata bila ya kutumia volti nyingi mno, ncha hufanywa kali kupita kiasi, yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 au chini yake. Sindano ya kushonea kofia, ambayo vidole vyetu huiona kali, ina ncha iliyo pana kuliko hiyo mara elfu kadhaa. Mwaka 1968 Spindt alionesha nchini Marekani koni za molibdeni zilizozungukwa na geti la chuma, yaani pete yenye volti inayozivuta elektroni, lililo karibu sana na ncha, na baadaye silikoni ikafuata njia hiyo kwa sababu viwanda vya chipu vilikuwa vimekwisha kuizoea na kujua jinsi ya kuichonga.

Uamuzi wa mwanzo ni aina ya silikoni. Iliyochanganywa fosforasi kwa wingi ina elektroni tele, kwa hiyo mkondo hupanda upesi kadiri volti inavyopanda, na hapo ndipo hatari ya ncha kuungua ilipo. Iliyochanganywa boroni ina elektroni chache za kutoa, na mkondo wake hufika mahali ukagoma kupanda, jambo ambalo huilinda ncha lakini huufanya mkondo utegemee joto na mwanga unaoiangukia chipu. Anayepima silikoni ya aina hii bila ya kuziba dirisha la chemba (chombo kilichotolewa hewa, yaani chenye ombwe, ambamo ncha hupimwa) ataona mkondo ukibadilika taa ya chumba inapowashwa, na ataandika matokeo yasiyo na maana. Kwa anayeanza, ninapendelea silikoni ya fosforasi pamoja na rezista ya nje ya kuuzuia mkondo usipande mno, kwani tabia yake hufasirika kwa urahisi zaidi.

Uchongaji wenyewe huanza kwa kuotesha oksidi juu ya kisahani na kuichapa kwa mwanga iwe miduara midogo, kila mduara ukiwa kofia ya ncha moja. Silikoni iliyo pembeni na chini ya kofia hizo huliwa ama kwa gesi ya salfa heksafloridi ndani ya plazima, ama kwa maji ya potasiamu haidroksidi, ambayo hula upande mmoja wa fuwele kuliko mwingine na yanaweza kuacha mteremko wa nyuzi 54.7. Inayotakiwa kuangaliwa kabla ni saa ya kusimama. Ukichelewa, kofia huanguka na ncha huwa butu. Ukiwahi, shingo hubaki nene. Kwa hiyo vipande vya majaribio vichongwe kwanza, vikatwe na kuangaliwa kwa hadubini ya elektroni, na muda upatikane kwa kipimo na si kwa kukisia.

Kisha hufuata kunoa, na hapa ndipo penye uzuri wa kazi hii. Ncha huwekwa kwenye tanuri lenye oksijeni ili oksidi iote juu yake, na kila nanomita 100 za oksidi hula takriban nanomita 44 za silikoni. Penye mkunjo mkali oksidi hubanwa na kuota polepole, kwa hiyo silikoni iliyobaki ndani huzidi kuchongoka yenyewe. Joto liwe karibu na nyuzi 900 za Selsiasi, kwa maana likizidi sana oksidi hulainika, mbano hulegea na faida ya kunoa hupungua. Kabla ya kuweka vipande ndani, hakikisha tanuri halikutumika kwa kazi yenye dhahabu, shaba au sodiamu, kwani mabaki yake hupenya silikoni.

Oksidi ile huondolewa kwa asidi ya hidrofloriki, na juu ya asidi hii sitaki kusema kwa haraka. Iliyopunguzwa makali huweza kugusa ngozi bila ya kuuma mara moja, ikapenya ndani na kushikana na kalsiamu ya mwili. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, na ikiwa eneo lililoguswa ni kubwa, moyo huweza kusimama. Kabla ya chupa kufunguliwa, jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani na tarehe yake ya mwisho iwe imesomwa, glavu zinazofaa kwa asidi hii ziwe zimekaguliwa matundu, maji ya kunawa yawe yanatoka, na mtu wa pili awe chumbani. Asidi hii hula kioo, kwa hiyo vyombo viwe vya plastiki ya teflon au polietilini. Yeyote anayefikiria kuitumia hapa Unguja, hata kwa tone la kusafishia chipu kabla ya kupima, azungumze mapema na madaktari wa Hospitali ya Mnazi Mmoja wajue ni asidi gani na dawa yake ni ipi. Likikosekana moja kati ya haya, kazi iahirishwe. Hapana chipu inayostahili kidole cha mtu.

Ncha ikishavuliwa oksidi, hewa huanza kuivika nyingine. Oksidi hii ya asili huota vizuri palipo na oksijeni na unyevu kwa pamoja, na hewa ya visiwani, hasa katika masika, haina upungufu wa kimoja wala kingine. Tabaka la nanomita 1 au 2 tu hutosha kubadilisha volti ambayo elektroni huanza kutoka. Chipu zisafirishwe katika kisanduku kilichojazwa naitrojeni kavu na kufungwa barabara, zishikwe kwa kingo tu, na kisanduku kisifunguliwe hadi chemba iwe tayari kuzipokea. Sanduku la kifaa chochote cha ombwe lililovuka kwa boti lipanguswe nje kwanza, kwa kuwa chumvi ya bahari hula nyuso za maungio na kuacha vijidonda vinavyovujisha.

Kuhusu ombwe, kanieneo ilengwe kufika paskali 10⁻⁷ au karibu yake. Sababu yake ni ya kuhesabika: kwenye paskali 10⁻⁴, molekuli za gesi hutosha kuufunika uso mzima kwa muda wa sekunde moja au chache, na kadiri kanieneo inavyoshuka mara elfu moja, muda huo hurefuka mara elfu moja. Molekuli zilizobaki hugongwa na elektroni, hugeuka ioni, nazo hurudi kwa kasi kuitoboa ncha. Maji yaliyonata kwenye kuta za chemba hayatoki bila ya kuokwa, kwa hiyo chemba iokwe kwa nyuzi 120 hadi 150 kwa saa 24 au zaidi, na anodi, yaani bamba linalozipokea elektroni, nayo itolewe gesi kabla.

Saa hizo 24 zinahitaji umeme usiokatika. Umeme wa Unguja huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na wengi wetu tunaikumbuka miezi mitatu ya kiza iliyoanza Disemba 2009. Kukatika kwa dakika tano tu kunatosha kuleta hasara, kwa sababu pampu ya tabo (ile yenye mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa) ikipungua kasi, mvuke wa mafuta wa pampu ya nyuma inayoisaidia hurudi chembani na kupaka kila kitu. Pawepo betri ya akiba, valvu inayojifunga yenyewe umeme unapokatika, na kikata volti kinachozima kifaa cha kutolea volti mara tu kanieneo inapopanda. Vyote vitatu vijaribiwe kwa kuchomoa plagi kwa makusudi, chemba ikiwa haina chipu ndani.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kebo. Kebo ya mita moja huhifadhi chaji kwa kiasi cha pikofaradi 100, na kwenye volti 1000 hiyo ni nishati ya maikrojuli 50. Kuyeyusha mchemraba wa silikoni wa upande wa mikroni moja hakuhitaji hata maikrojuli 0.01. Kwa hiyo rezista ya megaomu kadhaa ikiwekwa kwenye kifaa cha kutolea volti, mbali na chemba, haiilindi ncha na cheche, kwa kuwa nishati yote ya kebo imekaa upande wa pili wa rezista. Iwekwe karibu kabisa na chipu. Pia kipimwe kwanza kipande bapa kisicho na ncha, ili mkondo unaovuja juu ya oksidi na vihami ujulikane na usije ukahesabiwa kuwa elektroni za ncha.

Siku ya kuwasha, volti ipandishwe kwa hatua ndogo, kila hatua ikisubiriwa mpaka mkondo utulie, na kikomo cha mkondo kwa kila ncha kiwekwe kwenye nanoampea chache. Mikondo ya geti na ya anodi isomwe kwa vipimo viwili tofauti. Matokeo yachorwe kwa logi ya mkondo uliogawanywa kwa mraba wa volti dhidi ya kinyume cha volti. Mstari ukinyooka, pana dalili ya kweli ya kupenya ukuta. Ukipinda chini upande wa volti kubwa, simama kabla ya kuongeza, uangalie iwapo ni silikoni iliyoishiwa elektroni au ni rezista inayochukua sehemu ya volti. Ukiruka ghafla, ncha imebadilika umbo, na data za baadaye si za ncha ileile. Anodi ikipewa kilovolti kadhaa, miale ya eksirei huzalishwa, kwa hiyo dirisha lizibwe kwa kioo chenye risasi na kipimo cha mionzi kiwepo. Ukimaliza, volti irudishwe sifuri na kebo zitolewe chaji kabla ya mkono kugusa chochote, na chemba ijazwe naitrojeni kavu, si hewa ya chumba, ikiwa ncha hizo zitapimwa tena wiki inayofuata.