SOMO: Barabara haina kibao cha kasi, niandike ngapi? (OpenStreetMap, ramani huru tunayoichora wenyewe mtandaoni; Mombasa)

Swali hili naulizwa hadi nimechoka. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo cha hapa.

1. Ingia kwenye akaunti yako, fungua iD (kihariri cha ramani ndani ya kivinjari), bonyeza barabara.

2. Kibao kipo? Andika tarakimu yake kwenye lebo ya kikomo cha kasi, mfano maxspeed=50, na chanzo chake, maxspeed:type=sign (yaani kibao). Usiongeze "km/h", tarakimu tupu husomwa kuwa kilomita kwa saa.

3. Kibao hakipo? Basi ni sheria. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) kinasema 50 ndani ya mipaka ya jiji, manispaa au kituo cha biashara. Mtaa wa Majengo usio na kibao: maxspeed=50 na maxspeed:type=KE:urban (yaani sheria ya Kenya, mjini).

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Hiyo 50 USIIACHE PEKE YAKE, bila maxspeed:type. Ya kibao na ya sheria zafanana kwa macho, na atakayekuja nyuma yako hatajua kama uliona au ulikisia. Wales, tarehe 17 Septemba 2023, kikomo cha mitaa mingi ya makazi kilishushwa kutoka maili 30 hadi 20 kwa saa. Sheria ikigeuka hivyo, barabara zilizoandikwa chanzo unazichuja kwa dakika chache. Nyingine mtu atoke akazitazame moja moja. Tena usizoe Nyali nzima kwa JOSM (programu ya kuhariri barabara nyingi pamoja) ukaibandika 50 kwa mpigo. Utafuta vibao vya wenzako, na kazi yote itarudishwa nyuma.

4. Kikomo kikibadilika njiani, kata mstari wa barabara kwenye ramani pale kibao kiliposimama, si kwenye makutano ya karibu.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Moi Avenue niweke ngapi?
– Hatua ya 2. Nenda katazame.

Mpita Njia: Si tuchukue tu za Google? Zishajazwa tayari.
– La. Leseni hairuhusu. Ukinakili itafutwa, na mimi sitakutetea.

Bi wa Shanzu: Samahani mwalimu, kibao cha kwenda na cha kurudi havitazamani, kimoja kiko mbele zaidi. Nikate wapi?
– Ahsante dada, hili wengi hawalioni. Kata penye vyote viwili. Kipande cha katikati kipe maxspeed:forward na maxspeed:backward. "Forward" ni mishale ya mstari inakoelekea, si unakokwenda wewe. Barabara ikiwa imetengwa katikati, kila upande una mstari wake, hayo yote huyahitaji.

Dereva wa Bamburi: Matatu tumefungiwa gavana (kidhibiti kasi) ya 80. Mbona barabara kuu isomeke 100?
– Hiyo 100 ni ya gari ndogo. Ongeza maxspeed:psv=80 chini yake (psv ni magari ya abiria). Na vibao wewe waviona kuliko sisi sote: makanga apige picha, si wewe uliyeshika usukani.

Dereva wa Bamburi: Sawa yakhe. Na matuta?
– Weka nukta juu ya mstari: traffic_calming=bump kwa lile fupi lenye mgongo mkali, hump kwa pana. Anza na yale yasiyopakwa rangi.