Pimeni chumba, msimpime jirani: jinsi ya kutumia data kupanga upya eneo la pamoja

Mimi ni msanifu majengo, na kazi yangu kubwa ni nyumba ambazo kaya nyingi zinatumia jiko, ukumbi au ua mmoja. Wakazi wakiniita kwa sababu ukumbi wao hautumiki, mara nyingi wameshaanza kutafuta vihisi vya kununua, yaani vifaa vidogo vya kupima mwendo au hewa chumbani. Huwa nawaomba wasubiri. Andikeni kwanza swali ambalo jibu lake laweza kuhamisha mlango, ukuta au samani. "Ukumbi unatumikaje?" ni swali legevu. "Mbona jioni watu wanakaa kwenye ngazi na ukumbi uko wazi?" Hilo linapimika.

Halafu shikeni ramani ya jengo. Chora kila chumba kama duara na kila mlango kama mstari unaounganisha maduara mawili. Anzia mlango mkuu, uhesabu milango ya kupita hadi kufika kila chumba. Watafiti wa usanifu majengo Bill Hillier na Julienne Hanson walianza kuijenga nadharia ya uchambuzi huu miaka ya 1970 wakiwa University College London, na leo programu ya bure ya depthmapX inaweza kuchambua hata mji mzima. Kwa jengo dogo, kalamu inatosha. Ukumbi uliojificha nyuma ya milango mitano hauokolewi na makochi mapya. Watu hukutana pale njia zao zinapokatana wakiwa na shughuli nyingine: kufua, kutupa taka, kuchukua barua. Nimeona jiko la pamoja likichangamka baada ya kutobolewa mlango kati yake na chumba cha kufulia. Anayesubiri mashine anainjika birika, mwingine anapita na kapu la nguo, anasimama, mazungumzo yanaanza.

Baada ya ramani, tumieni macho. Mtafiti wa maisha ya mijini William Whyte alipochunguza viwanja vya wazi vya New York miaka ya 1970 kwa kamera na daftari, aligundua kwamba watu hukaa pale penye mahali pa kukaa, na wakipata kiti kinachohamishika hukisogeza, hata kama ni kidogo tu. Chagueni saa zilezile za asubuhi, mchana na jioni, siku za kazi na za mapumziko. Nukta kwa aliyekaa, alama ya mkasi kwa anayepita. Majina msiandike.

Vifaa vinakuja sasa. Kihisi cha mwendo kinachonasa joto la mwili hakimtambui mtu, ila anayesoma kwa utulivu kinaweza kumhesabu kuwa hayupo. Kihisi cha kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tukipumua, nakipenda zaidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni; chumba chenye watu kikipita 1,000, hewa safi haiingii ya kutosha. Kifungeni usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na dirisha. Kamera na kufuatilia simu za watu, mimi sikubali kabisa.

Kabla ya kufunga chochote, itisheni kikao: nini kinapimwa, kinahifadhiwa wapi, nani anaona, kinafutwa lini. Mradi wa Quayside wa Toronto, Kanada, wa kujenga mtaa wenye vihisi kila mahali, ulikuwa wa Sidewalk Labs, wakati huo kampuni ndugu ya Google, na ulitangazwa 2017. Oktoba 2018 mshauri wake wa faragha, Ann Cavoukian, alijiuzulu kwa kuwa hapakuwa na hakikisho kwamba kila mhusika angeondoa utambulisho wa watu pale pale data inapokusanywa. Mei 2020 kampuni iliuacha mradi, ikitaja hali ya uchumi. Kwenu hatari iko karibu zaidi, maana mnajuana. Grafu ikionyesha mtu mmoja jikoni saa tisa usiku, kila mtu anajua ni nani. Kwa hiyo jumlisheni kwa vipindi virefu, na idadi iliyo chini ya watu watatu isionyeshwe.

Matokeo yabandikeni ukutani, ramani pamoja na nukta zake, mtu yeyote aandike maelezo pembeni. Aliyelea watoto mle ndani ataeleza nukta ambayo mimi siielewi. Kisha jaribuni kwa vitu vyepesi: hamisheni meza, acheni mlango wazi, chukueni pazia badala ya ukuta. Hesabuni tena saa zilezile. Mkiridhika, mwiteni fundi, na vihisi viondolewe siku ile mliyopanga kikaoni.