SOMO: Kujitolea useremala kwenye nyumba ya mafungo (someni kabla ya kuuliza)

Kila Mei Mosi ikikaribia napokea ujumbe uleule: "Fundi, nasi tunataka kwenda kujitolea, tuanzie wapi?" Naandika mara moja hapa. Kikundi chetu cha maseremala hupanda Lushoto kuhudumia nyumba ya masista ambako watu huenda kukaa kimya na kusali.

1. Omba ruhusa kwa sista mkuu, na uulize ratiba ya mafungo.

2. Tangulia siku moja, zunguka na daftari.

3. Mbao nunua mapema. Msonobari wa Shume uko karibu, ila ukitoka kwenye msumeno umejaa maji. Upange chini ya paa, vijiti katikati ili upepo upite. Mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

4. Kimya. Mashine zetu hunguruma saa nne hadi saa sita tu. Muda mwingine ni randa ya mkono na patasi.

5. Milango. Hapa soma polepole.

Tulichagua Mei Mosi kwa kuwa ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955, tena watu hawaendi kazini. Lakini Mei ni masika. Mwaka wa kwanza tulikuta milango 11 imekwama, nikasema yote ipigwe randa. Ikafunga vizuri, masista wakatushukuru. Septemba nikarudi: mbao zimekauka, zimesinyaa, kidole kinapita kati ya mlango na fremu. Usiku ule nililala katika kimoja cha vyumba hivyo. Baridi ya mlimani iliingia kwenye uwazi nilioufanya mimi, na mwanga wa korido ukanifikia kitandani. Anayekuja kutafuta utulivu nilimwachia hali hiyo.

Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana; urefu karibu haubadiliki. Kwa hiyo masika USIRANDE. Kaza kwanza skrubu za bawaba, mara nyingi mlango umeinama tu. Tundu likilegea, lijaze kijiti chenye gundi, kata, funga upya. Kisha paka chaki kwenye fremu, funga mlango, fungua: ubao ulipopata weupe ndipo unapogusa. Weka alama, uache. Rudi kiangazi, randa kwa kufuata alama, acha nafasi ya milimita 3 kwa ajili ya masika ijayo, na upake vanishi pande zote.

6. Mchwa. Dunga miguu ya mabenchi kwa bisibisi. Ikizama, kata pabovu uunge mguu mpya. Kupaka rangi juu yake ni kumdanganya sista.

7. Fagia. Wapo wanaotembea Njia ya Msalaba miguu peku.

MASWALI

— Mlango wangu hauingii, nirande kiasi gani?

Hatua ya 5.

— Sina nafasi ya kurudi Septemba. Si nirande tu kidogo?

Nimeeleza yaliyonipata. Wewe shika mabenchi, milango waachie watakaorudi.

— Mnalipwa?

Hapana. Tunapewa chakula na kitanda, vinatutosha.

— Mimi fundi wa Tanga, nahudumia msikiti wa mtaani kwetu. Milango ni ya mninga na unyevu wa bahari haukatiki. Nayo ni hivyohivyo?

Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Mninga hauchezi sana kama msonobari, ndiyo maana unapendwa kwa milango. Ila angalia ukingo wa juu na wa chini. Huko ndiko ubao hunywa maji zaidi, na ndiko mafundi wengi hawapaki kitu kwa sababu hakuonekani. Pitisha kioo kidogo chini ya mlango ujionee. Ukikuta ubao mtupu, ung'oe kiangazi, uupake mara mbili. Na kwa chumvi ya huko, tumia skrubu za shaba.

— Shukrani, fundi. Shaba hunikatikia kwenye mti mgumu.

Toboa kwanza kwa kekee, ingiza skrubu ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndipo uweke ya shaba. Ipake nta ya mshumaa, itazama bila kulia. Sisi vipande vya mishumaa hupewa na sista wa sakristia. Nta hiyohiyo paka na chini ya droo zinazokaza.