Somo: Krimu ya korosho au kijivu cha majivu? Pima nyumbani kwanza

Sebule yangu hapa Shangani, Mtwara, niliipaka kijivu nilichokipenda kwenye kadi dukani. Mchana kilitulia. Usiku, taa nyeupe zilipowaka, ukuta wote ukawa buluu kama sare iliyochuja. Nikarudia kazi kwa ndoo nyingine ya lita 20. Sitaki yakukute.

Hatua ya 1. Nunua kopo dogo la kila rangi. Mimi nalinganisha krimu, ile ya korosho iliyobanguliwa, na kijivu cha majivu. Kadi ikiwa na namba ya LRV, yaani kipimo cha mwanga ambao rangi inaurudisha, isome: 0 ni nyeusi kabisa, 100 nyeupe kabisa. Ila namba haimalizi maneno. Agreeable Gray ya Sherwin-Williams, Marekani, ni 60 na Repose Gray ni 58. Zimekaribiana, lakini ya kwanza inavutia kwenye ukahawia na ya pili imepoa zaidi.

Hatua ya 2. Paka vipande viwili vya silingibodi, mikono miwili (yaani tabaka mbili), vikauke kabisa. Weka karatasi nyeupe pembeni: hapo krimu itaonyesha unjano au uwaridi wake, na kijivu kitatoa buluu au kijani kilichojificha.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Hamisha vipande ukuta kwa ukuta: saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, kisha usiku kwa taa zako mwenyewe. Mwezi wa Juni jua letu hupita kaskazini, hivyo chumba chenye dirisha la kusini hakipati jua na kijivu huzidi kupoa. Mkorosho ukiwa karibu na dirisha, nao hutupia ukijani ukutani.

Hatua ya 4. Visimamishe juu ya vigae, karibu na makochi, uone kama rangi zinapatana.

Kwa nyumba nyingi za huku nachagua krimu.

MASWALI

Mwanachama, Lindi: Taa zangu ni nyeupe na sibadilishi. Kijivu nikiache?
Jibu: Kama kipande chako usiku kinageuka buluu, kiache, dada. Taa ndiyo utakayoishi nayo.

Mwanachama, Mikindani: Nyumba ni ya zamani, mawe na chokaa. Nipake rangi ya maji?
Jibu: Hapana, kaka. Ukuta huo unapumua; rangi hiyo ya maji ina plastiki, hufungia unyevu ndani, halafu inabanduka. Paka chokaa iliyotiwa rangi kidogo, nayo ijaribu kwanza kwenye kona, maana ikikauka hupauka sana.